Ukuta Mtamu wa Kabambare

Siku ya nne ya mafunzo, injinieri Théophile alichukua kijiti chenye pamba kichwani, akakilowesha dawa, akakisugua kwenye ganda la rangi iliyobanduka ukutani, kisha akakiinua ili darasa zima likione. Pamba ilikuwa nyeupe. Ikaingia wekundu wa mbali, halafu ikaiva nyekundu kabisa, kama pamba ya mtu aliyejikata kidole.

"Vwala," akasema. "Plombi. Ni madini ya risasi, yale yale wavuvi wa Nyangwe wanafunga kwenye nyavu ili zizame. Wazungu waliyasaga, wakayachanganya ndani ya rangi ili idumu. Na imedumu. Miaka sabini, bati limeoza, mlango umeliwa na mchwa, lakini rangi iko."

Walikuwa kumi na wawili kwenye mabenchi ya shule moja ya Kasongo, magoti yamewafika kifuani kwa sababu mabenchi yalikuwa ya watoto. Wote walikuwa waashi au wapaka rangi. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Subira binti Kasimu, na katika wote yeye ndiye aliyekwangua kuta nyingi zaidi. Miaka thelathini. Idi ikikaribia, familia za mtaa wake zilimwita. Ofisi ya leta, yaani ya serikali, ilipotaka kujipamba kwa ajili ya mgeni ilimwita pia, kisha ikamsahau. Alikwangua kwa kisu kikavu, vumbi likamkalia kwenye nyusi, jioni akakohoa, akanywa chai, akalala. Hakuna aliyemuuliza karatasi.

Sasa karatasi ilikuwa imekuja, na ilikuwa na jina: breve. Mradi ulitoka Kinshasa, na nyuma ya Kinshasa ulitoka mbali zaidi, kuja kutengeneza nyumba kuukuu za kampani ya pamba ziwe ofisi. Sharti lilikuwa moja: asiye na breve ya kuondoa rangi ya plombi asiguse hata ngazi. Mafunzo siku sita, mtihani siku ya sita, jina linasomwa, unakabidhiwa karatasi yenye picha yako na muhuri. Subira alikwisha kushika yote: kulowesha ukuta kabla ya kukwangua, kutandika plastiki chini, kufunga pua, kutokula mahali pa kazi, kunawa mpaka kwenye kiwiko. Injinieri alimsifu mbele ya wanaume, na wanaume wakatazama dirishani.

Na tuseme lisilosemwa pale darasani. Nyumba zile zilipakwa na babu yake Subira. Enzi za pamba ya lazima alitolewa shambani, akapewa ndoo na brashi. Hakufundishwa na mtu. Hakupewa maski. Breve yake ilikuwa kiboko. Alipofika miaka arobaini mikono ilianza kumning'inia kwenye vifundo kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua, tumbo likamkata, majina ya wanawe yakampotea. Ukoo ukasema amerogwa. Mjane mmoja wa jirani akasingiziwa, akafukuzwa mtaani na sufuria moja kichwani, akafia njiani kwenda mtoni. Kampani haikufukuzwa na mtu. Kampani ilifunga milango yake yenyewe, siku iliyojichagulia, ikaondoka na vitabu vyake. Subira alikua akiambiwa habari ya yule mchawi, na ilibidi afikishe miaka arobaini na saba, akae kwenye benchi la watoto, ndipo ajue kwamba mchawi alikuwa ndani ya ndoo.

"Jambo lingine," injinieri akasema. "Hii rangi ina utamu. Ndiyo sababu watoto wanaibandua na kuila."

Nathanaël, mwashi ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akainua mkono. "Watoto tu, Injinieri? Uliza wamama wenye mimba! Mimi nikirudi nyumbani bila kuleta ukuta, sipati hata maji ya kuoga."

Darasa likacheka, kwa kuwa hakuna asiyejua. Tangu waganga wa dispensari walipowakataza wanawake kula udongo wa kichuguu, kwamba unaleta minyoo, wanawake waligeukia ukuta. Ukuta hauna minyoo. Ukuta ni mweupe, mkavu, umetoka kwa Wazungu, na juu ya hayo yote ni mtamu. Mpaka rangi akiwa kazini anajua ni nyumba gani mtaani zina mimba. Anachagua maganda mazito, anayafunga kwenye karatasi, anapita kuyagawa. Asiyegawa anaitwa mchoyo, na jina hilo halimtoki.

Injinieri hakucheka. Aliweka kijiti chini polepole.

"Wanakula mpaka leo?"

"Mpaka leo," Nathanaël akajibu, na kicheko kikaanza kumkauka.

"Basi sikieni. Plombi inaingia kwenye mifupa ya mama inakaa. Akibeba mimba, mifupa inamgawia mtoto, pamoja na ile anayokula. Mimba inatoka. Au mtoto anazaliwa kabla ya siku zake. Au anazaliwa, anakua, lakini kichwa hakishiki kitu. Na hapa hakuna dawa. Hakuna hata mashine ya kupima damu yake."

Subira alikuwa anatazama vidole vyake. Vidole vile ndivyo vilivyochagua. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki duniani, Mounira, aliyeolewa Kabambare na kijana anayechimba dhahabu Salamabila. Mimba ya kwanza ya Mounira ilitoka mwezi wa saba, mtoto amekwisha kufa. Ya pili ilizaa mvulana aliyeishi siku mbili. Mara zote mbili Subira alimtumia binti yake kopo la maganda, maana hakuwa na kitu kingine kizuri cha kumtumia. Na sasa ilikuwa ya tatu, mwezi wa nane. Kopo lilikwisha kwenda wiki tatu zilizopita, kopo la maziwa ya unga lililojaa mpaka juu, pamoja na ujumbe: mwambie Mounira nimemchagulia yale mazito.

Akasimama. Benchi likaanguka nyuma yake.

"Injinieri, nikitoka sasa hivi?"

"Unatoka kwenda wapi, Mama Mounira? Keshokutwa iko mtihani."

"Kabambare. Mtoto wangu iko na mimba, na anakula hii."

Théophile akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha. Wabaya ni rahisi kuwashughulikia. "Mpigie simu."

"Mahali alipo hakuna rezo. Mume wake iko shimoni."

"Tuma mtu."

"Nimtume nani ambaye watamuamini? Niandikie barua, tafadhali. Andika tu kwamba ukuta una sumu, gonga muhuri wako, nimpe muganga wa kule."

Injinieri akatazama muhuri uliokuwa mezani, akatazama mlango. "Kabambare haiko ndani ya mradi, Mama. Nikigonga muhuri wa mradi mahali ambapo mradi haupo, wataniuliza. Tena ukiondoka leo sitaweza kukuandika kwenye orodha. Siyo mimi. Ni masharti."

"Masharti ya nani?"

Injinieri akarudisha miwani usoni. Subira akakusanya daftari lake na khanga yake. Kwenye ngazi za nje Nathanaël alimfikia mbio, akamkandamizia kitu kiganjani: vijiti vitatu vyenye pamba na kichupa kidogo cha dawa.

"Chukua, Yaya, dada yangu. Mimi sijaona kitu. Na mwambie Mounira..." Mke wake mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano.

*

Djamali ndiye aliyempeleka. Ni dereva wa pikipiki anayebeba chumvi, sabuni na watu kwenda Kabambare mpaka Salamabila, na ndiye aliyebeba lile kopo. Barabara ilikuwa ile ile ambayo kila mgombea anaiahidi: mashimo yanayoweza kumeza ng'ombe, madaraja ya magogo mawili, matope mekundu yanayoshika gurudumu kama gundi. Mvua iliwakamata kabla ya Wamaza. Mara sita Subira alishuka akasukuma, khanga imefungwa kiunoni, asiseme neno.

"Mama Subira, unanitisha," Djamali akasema walipopumzika kando ya kijito. "Wewe mtu wa maneno. Leo kama umefungwa mdomo kwa kamba."

"Lile kopo ulimpa nani?"

"Nilimpa mwenyewe, mkononi. Alifungua mbele yangu! Alifurahi mpaka akanipa kipande na mimi."

"Ukala?"

"Nikala. Tamu kama biskuti."

Subira akampiga kofi la mgongo, la nguvu, kisha akakaa chini kwenye matope na kufunika uso. Djamali alisimama na ufunguo mkononi, hajui amekosa nini. Alipoambiwa, alitema mate mara tatu, kana kwamba wiki tatu zinaweza kutemwa. Kutoka hapo hakufanya mzaha tena, na aliendesha kama mtu anayefukuzwa.

Wakaingia Kabambare siku ya pili, saa nane ya mchana.

Nyumba ya kungojea imesimama nyuma ya materinite, jengo la kuzalia. Wanawake wanaotoka vijiji vya mbali wanaletwa hapo mwezi mmoja kabla ya kuzaa, ili uchungu usiwakute porini. Mounira aliletwa mapema zaidi, kwa kuwa amekwisha kupoteza wawili. Ni jambo zuri, na waliolianzisha walilianzisha kwa moyo mzuri. Ila hawakujenga nyumba. Walichukua iliyokuwepo, nyumba ndefu ya karani wa pamba, yenye kuta nene na rangi nyeupe inayong'aa kidogo kama kikombe cha udongo wa Uchina.

Subira aliingia, na kabla ya kumwona binti yake aliuona ukuta. Kuanzia usawa wa mkeka mpaka usawa wa kichwa cha mwanamke aliyeketi, rangi ilikuwa haipo. Matofali yalikuwa wazi, mstari mmoja uliozunguka chumba kizima bila kukatika, wenye alama za kucha. Juu ya mstari huo rangi ilikuwa nzima, haijaguswa. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, kila mmoja amekaa chini ya sehemu yake, na hakuna aliyeinuka zaidi ya mkono wake ulivyofika. Ndivyo mimba inavyochosha.

"Mama!" Mounira akajaribu kuinuka, akashindwa, akacheka, akanyoosha mikono. Uso wake ulikuwa wa kijivu, midomo imepauka. "Mama, umekuja! Umeniletea?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Umeniletea.

"Lile kopo liko wapi, mwanangu?"

"Lilikwisha siku ile ile! Ungewaona hawa wenzangu, wananyang'anyana kama kuku. Wakasema mama yako ana mkono mzuri. Lilipokwisha ndipo tukagundua huu hapa ni ule ule." Akagonga ukuta kwa kidole, kama mtu anayegonga mlango wa rafiki. "Ule ule kabisa, Mama. Utamu mmoja."

Subira akapiga magoti mbele yake. Alikuwa ametunga maneno njiani, siku mbili ametunga, na yote yakamponyoka. Akatoa kijiti, akakilowesha, akakisugua ukutani juu ya kichwa cha binti yake. Pamba ikawa nyekundu. Akasema alichoambiwa, kama alivyoambiwa, mpaka mwisho: mifupa, mimba, kichwa kisichoshika. Mwanamke mmoja akatoa kitu mdomoni, akakitazama, akakificha ndani ya ngumi.

Mounira hakulia. Alikuwa anahesabu nyuma, na Subira alimwona anavyohesabu.

"Na wale wawili?" akauliza.

"Mwanangu."

"Na wale wawili, Mama. Hata mara zile uliniletea."

"Nilikuletea."

"Wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe. Kwa mikono hii."

Mounira akageuka, akaegemeza paji la uso ukutani, pale pale penye matofali, na akakaa hivyo. Subira alimgusa bega. Bega likatoka chini ya mkono wake.

*

Muganga wa zamu alikuwa Sidonie, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuzoea kupiga kelele. Alisikiliza akiwa amesimama, stetoskopu shingoni, na alipoona kijiti chekundu akashika kiuno.

"Wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nimetoka kwenye mafunzo ya Kasongo."

"Breve yako?"

"Sina. Mtihani ni kesho. Nimeuacha."

"Bon. Huna breve, huna barua, huna muhuri, umeingia materinite yangu kuwaambia wanawake wenye matumbo kwamba nyumba inawaua." Sidonie akashusha sauti. "Mama, unajua hawa wametoka wapi? Kuna mmoja ametembea siku tatu. Nikifunga nyumba, niwaweke wapi? Ndani ya materinite iko vitanda vinne. Nikiwarudisha, watazalia porini, nao utanihesabia mimi. Wamama wa Kabambare wanakula huo ukuta tangu mama yangu. Mama yangu mwenyewe amekaa pale."

"Na alizaa wangapi waliobaki?"

Swali lilikuwa la kikatili na Subira alijua. Mkono wa Sidonie ukaenda kwenye mfuko wa blauzi nyeupe. Ulipotoka ulikuwa umeshika ganda la rangi, dogo kama ukucha, limelambwa pembeni.

"Mimi sina mimba," akasema. "Ni mazoea tu. Kazi ikiwa nyingi." Akaliweka juu ya meza, mbali naye. "Kwangu alibaki mmoja. Katika watano. Sasa niambie tunafanya nini, maana miye sijui."

Na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Subira angekuwa yule wa wiki iliyopita, angeazima visu, angewaita wanaume, na kabla ya magharibi ukuta ungekuwa mtupu. Habari ilikwisha kuenea. Waume na mashemeji walikuwa wamejaa mlangoni pa nyumba ya kungojea na mapanga na majembe, wengine na mafuta ya taa.

"Tunaukwangua leo leo!" mmoja akapiga kelele. "Tunauchoma!"

Subira akasimama mlangoni, akanyoosha mikono akashika miimo yote miwili.

"Hakuna anayeingia na panga! Mkikwangua mkavu, mnawasagia unga. Wataulalia, wataupumua, utaingia kwenye maji yao. Na moto ndio mbaya kabisa, moshi wake ni ule ule plombi."

"Sasa wewe unakuja kutuambia iko sumu, halafu unatukataza kuitoa?"

"Ndiyo."

"Mwanamke huyu ni kichaa!"

"Niiteni kichaa. Kuna mtu hapa mwenye plastiki ya kufunika chumba kizima? Maski je? Kuna mtu anajua tutapeleka wapi magunia ya rangi, mahali ambapo hakuna kisima wala muhogo?" Wa mbele akashusha panga. "Basi hakuna kukwangua."

Alikuwa anasema maneno ya Théophile kwa sauti yake mwenyewe. Yeye na wenzake wa Kasongo wamefundishwa kuondoa, kwa vifaa ambavyo vimefungiwa kwenye ghala la mradi Kasongo, kwa kuta za ofisi ambamo hatalala mwanamke hata mmoja. Hivyo ndivyo wanavyotufanyia: wanatupa jina la ugonjwa na kubaki na ufunguo wa kabati.

Bibi mmoja, mkwe wa mwanamke mmojawapo, akatoa shauri wapake limau, ukuta uwe mchachu. Subira akatikisa kichwa. Uchachu unaivuta plombi nje, ingekuwa tayari kwenye ulimi. Ndani, kupitia mlango, alimwona mwanamke mmoja mwenye mtoto wa miaka miwili aliyekuja naye kwa kukosa wa kumwachia. Mtoto alivuta nguo ya mama, akafikia ziwa, akaweka mdomo, kisha akautoa haraka, akakunja uso, akalia kwa hasira ya kudanganywa.

"Umejipaka nini?" Subira akauliza.

"Majani machungu. Si namwachisha, mwingine yuko njiani." Mwanamke akacheka kwa aibu. "Siku tatu tu, atasahau."

Subira akamgeukia Sidonie. "Una kinini, ile dawa chungu ya malaria?"

"Ya zamani. Tarehe imepita miaka miwili. Naiweka kwa ajili ya inspekta, aje aione ndipo niichome. Haji."

"Ilete yote."

*

Waliwahamishia wanawake kwenye kibaraza cha kanisa kwa siku mbili. Subira hakukubali mwenye mimba ashike kazi. Yeye, Djamali na wanaume wanne walifunga vitambaa puani. Kwanza maji: matambara yaliyoloa, polepole, kutoka juu kwenda chini, kila ganda lililolegea linashikwa kwa unyevu na kuingizwa kwenye bidoni, madumu ya mafuta, na bidoni zikazikwa mbali na mto, shimo refu kuliko mtu. Sakafu ilioshwa mara tatu. Kisha uji mzito wa unga wa mihogo, ule wa kugandisha karatasi, na ndani yake kinini iliyotwangwa na maji ya majani machungu, mpaka uji ukawa wa kijani na ukanuka kama homa. Wakaupaka juu ya rangi yote, kuanzia sakafuni mpaka mkono wa mtu aliyesimama ulipofika, tabaka la kwanza, tabaka la pili. Ilikuwa kazi mbaya. Fundi rangi aliyemo ndani ya Subira aliona haya kuitazama.

Wanawake waliporudi, nyumba ililipuka kwa kicheko.

"Jamani! Mama ametoka Kasongo kuja kutuachisha ziwa!"

"Miye mama wa watoto wanne, leo naachishwa!"

"Usilie, mutoto, siku tatu tu utasahau!"

Walishika matumbo yao wakicheka. Lakini kabla ya jua kushuka mmoja wao alijisogeza ukutani kwa mgongo, mkono nyuma, akadhani hakuna anayemwona. Alilamba kidole. Akatema mpaka machozi yakamtoka. Hakuna aliyemcheka. Wengine kumi walikuwa wanamtazama kama watu wenye njaa wanaomtazama mwenzao aliyepata chungu kitupu. Siku ya tatu walikuwa wanagombana kwa mambo ya bure, wanalia, wananuka jasho. Mwanamke mmoja alimtukana Subira tusi ambalo haliandikiki. Alilipokea.

Mounira hakumtukana. Alikula alichopikiwa, akajibu ndiyo, akajibu hapana. Siku ya nne asubuhi Subira alimkuta amekunja mwili kwenye pembe, ukucha wa kidole gumba umevunjika, uji wa ukutani umechimbwa tundu dogo kama la panya, na mdomo umejaa povu la kijani. Alikuwa amechimba chini ya uchungu kufuata utamu. Alitapika, na katika kutapika tumbo likashikana, na maji yakamwagika.

"Bado mwezi mzima," Sidonie akasema. Alisema mara moja tu, kisha akaosha mikono mpaka kwenye kiwiko.

Uchungu ulichukua mchana ule wote. Mounira alishika chuma cha kitanda, siyo mkono wa mama yake. Subira alikaa sakafuni nje ya mlango wa materinite, akamwomba Mungu, na kwa kuwa hakuwa na cha kumpa Mungu alimpa breve ambayo hakuipata. Saa kumi na moja kukatoka sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mlango mdogo unaofunguliwa pole.

"Mwanamke," Sidonie akasema. "Iko hai."

Alikuwa mdogo, angetosha kwenye sahani. Alinyonya kidogo, akachoka, akanyonya. Na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Hata akilala, vidole vilitetemeka kama vya mtu anayegonga simu ya zamani ya telegrafu.

"Ni baridi?" Subira akauliza.

"Sijui."

"Ni plombi?"

"Mama Subira, nimekuambia sijui! Nimpime na nini? Na macho?" Sidonie akamfunika mtoto, akageuka. "Labda kuzaliwa mapema. Wengine wanatetemeka, inaisha. Labda ni ile. Tutajua akitembea. Tutajua akienda shule. Mungu akipenda afike shule."

*

Siku ya nane tangu ukuta upakwe, Djamali alirudi kutoka Kasongo na salamu. Mtihani ulifanyika, breve zilitolewa mbele ya wakubwa, kulikuwa na soda. Nathanaël amepata yake, ameambiwa aanze na nyumba ya wageni ya ofisi. Jina la Subira lilipigwa mstari. Kulikuwa pia na karatasi ndogo kutoka kwa Théophile, mistari miwili, bila muhuri: nyumba ya kungojea ya Kabambare atajaribu kuipendekeza kwa mwaka ujao, kwa sasa asiyehitimu asiguse ukuta.

Subira aliisoma amesimama ndani ya chumba. Unyevu wa mvua ulikuwa umeanza kazi. Uji ulikuwa unainuka kwenye pembe, unajikunja kama karatasi iliyolowa, na chini yake ile nyeupe ilikuwa inaonekana, safi, inang'aa. Siku nane, basi. Kila siku nane itabidi ipakwe upya, na kinini ilikuwa imebaki robo ya boksi. Wanawake wawili wapya walikuwa wamefika asubuhi ile kutoka upande wa msitu, na mmoja alikuwa tayari ameketi ameegemea ukuta.

Akaikunja karatasi, akaitumia kuwashia moto wa uji.

Alikuwa anakoroga wakati Mounira alipotoka materinite, anatembea kwa kujishika, mtoto amefungwa kifuani. Siku zote hizo hakuwa amemwita mama. Alisimama juu ya chungu, akautazama uji ukigeuka kijani.

"Mtu akitoka kuzaa," akauliza, "anaweza kupaka?"

"Hapana. Unanyonyesha. Nitapaka mwenyewe."

"Nyumba nzima? Peke yako, kila wiki, mpaka lini?"

Subira akaongeza ukuni chini ya chungu.

"Nitafunga pua," Mounira akasema. "Nitaanza na maji. Wale wapya hawatakusikiliza wewe, wewe ni mgeni. Mimi watanisikiliza. Mimi nitawaambia wangapi nimezika." Akafungua khanga, akamtoa mtoto, akamtazama mama yake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kijiti. Msamaha haukuwamo katika macho yake. Kulikuwa na kazi.

"Mshike. Kaa naye kule, mbali na ukuta. Na usimpe kitu chochote mdomoni, hata maji, mpaka nirudi."

Subira akampokea mjukuu wake. Mounira akachukua ndoo, akaingia ndani, na baada ya muda ikasikika sauti yake ikiwaambia wale wawili waamke, watoke nje, wapeleke mikeka juani.